Mfereji Uliosafishwa Kabla ya Wageni

Kitongoji cha Kamiose,
Mkoa wa Shimane,
Japani.

25 Novemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Kazue,

Pokea salamu kutoka kwenye nyumba ulimozaliwa. Hamjambo huko Londrina, Brazili? Shemeji Noboru anaendeleaje na presha yake? Bado anatia chumvi kwenye kila chakula huku akikutazama kwa jicho la pembeni? Na mwanao Lidia, amejifungua salama? Barua yako ya mwisho ilisema ni mwezi wa kumi, na sasa wa kumi na moja unakwisha. Kila nikisikia pikipiki ya posta inapanda kilima naacha ninachofanya na kwenda kusimama mlangoni. Inapanda mara mbili tu kwa wiki, kwa hiyo usidhani kazi zangu zinalala.

Mimi sijambo. Goti la kushoto hunisumbua asubuhi na la kulia hunisumbua jioni, yamegawana zamu vizuri. Nakula, nalala. Mpunga wa mwaka huu ulikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea, maana nguruwe mwitu waliingia jaruba moja tu, lile la chini kabisa, wakajigaragaza humo kama wako bafuni kwao.

Matunda ya kaki nimekwisha kuyamenya na kuyaning'iniza barazani yakauke. Mwaka huu ni sitini. Zamani tulikuwa tunamenya mia nne, unakumbuka, na mama akitupiga vikofi vya mikono tukilamba vidole. Hayo sitini yananitosha, na najua yatabaki.

Nina habari ndefu ya wageni, lakini kwanza nikwambie linalonikaa moyoni. Mwanangu Yasuhiro anataka nihamie kwake Hiroshima. Amenitengea chumba kinachoangalia maegesho ya magari, na anataka jibu kabla ya mwaka mpya. Amekuwa akitaka jibu kwa miaka mitatu, ila safari hii amekwisha nunua kitanda.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikimjibu neno moja: maji. Siwezi kuondoka, kuna maji. Wewe uliondoka tukiwa nyumba ishirini na tatu. Sasa Kamiose ina nyumba mbili: yangu, na ya Nagami Tokuji kule juu karibu na msitu. Mfereji ni ule ule, na ubao unaoziba mdomo wake pale mtoni ni ule ule, mzito kama ng'ombe aliyelala. Mtu mmoja hauwezi. Lazima wawe wawili, kila mmoja na ncha yake. Nikiondoka mimi, majaruba ya Tokuji yanakauka. Akiondoka yeye, yangu yanakauka. Ndivyo tulivyofungwa.

Na ndiye Tokuji huyo huyo nisiyesemezana naye. Nilikuandikia wakati ule, lakini labda umesahau, una mambo yako. Mwaka ule wa ukame, siku tuliyouchoma mwili wa marehemu Shigeo, zamu ya maji ilikuwa yetu. Nilirudi nimeipakata mifupa ya mume wangu, nikakuta majaruba yetu yamepasuka na ya Tokuji yanameremeta kwa maji. Sikumwambia kitu siku hiyo. Sikumwambia kitu siku iliyofuata. Basi ikawa hivyo, miaka kumi na moja. Hata mkewe Hatsuyo alipofariki nilikwenda, nikainama mbele ya picha yake, nikafukiza ubani, nikarudi nyumbani bila kumtazama mwenye msiba usoni.

Lakini maji hayajui ugomvi wa watu. Kila mwezi wa tano Tokuji hupita mlangoni kwangu na taulo lake jeupe shingoni, akakohoa mara moja. Nami huvaa glavu nikamfuata hatua kumi nyuma. Tukifika tunashika kila mtu ncha yake, naye anahesabu kwa kidevu. Kikishuka mara ya tatu, tunavuta. Maji yakiingia, kila mtu anashika njia yake. Hata jalada la matangazo ya kitongoji, lile la kupitishwa nyumba hadi nyumba, mimi naliacha kwenye nguzo ya mlango wake, yeye anapiga muhuri wake na kuliacha kwenye nguzo yangu.

Sasa njoo kwenye wageni. Mwanzoni mwa Oktoba alikuja bwana Kuwata wa ofisi ya mji, yule mnene anayefuta jasho hata theluji ikianguka. Aliniambia kuna mkutano mkubwa mjini Matsue, watu wa nchi nyingi, wanazungumzia milima na maji na misitu. Siku ya tatu wanatoka ukumbini kwenda kuona kwa macho. Basi moja litakwenda ziwani kwa wavuaji wa chaza, moja litakwenda kwa wapanda misitu, na moja litakuja kwetu.

"Hawataki kutazama tu, bibi," akasema. "Wanataka washike kazi. Waone wanakijiji wanavyosafisha mfereji kwa ushirika, na wanavyofungua maji."

"Wanakijiji gani hao?"

"Nyinyi."

"Mimi na nani?"

Akafuta jasho. Mji mzima unajua habari zetu. "Nyinyi wawili, bibi. Nakuomba."

Nilikubali. Nitakwambia kwa nini, Kazue, kwa sababu kwako sioni haya. Tangu siku za kuwakumbuka wafu, mwezi wa nane, hakuna mtu aliyekaa barazani kwangu akanywa chai yangu mpaka ikaisha. Kuwata mwenyewe huinywa amesimama, funguo za gari mkononi. Nilifikiri, basi hata wakija wageni wasiojua lugha yangu, chai yangu watainywa.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe tangazo likaja ndani ya jalada. Kuwata aliandika kwa herufi kubwa: mfereji uachwe ulivyo, na majani yake na tope lake, ili wageni wapate kazi ya kufanya. Nikalisoma, nikapiga muhuri wangu, nikalipeleka kwenye nguzo ya Tokuji. Naye akapiga muhuri wake. Yaani tulilisoma wote na tukalielewa wote.

Lakini hebu niambie wewe, mtoto wa mama yule yule. Watu wanatoka nchi za mbali, wanakuja kusimama mbele ya mfereji wako, nawe uwaachie majani yaliyooza na vyura waliokufa? Siku tatu kabla, asubuhi, nilichukua reki nikajiambia nitatoa tu yale yanayoonekana kutoka barabarani. Nikayatoa. Kisha nikaona mbele yake kunatia aibu zaidi. Asubuhi ya pili nikachukua na jembe. Ya tatu nilipofika kwenye jiwe la mpaka, pale sehemu yangu inapoishia na yake inapoanza, niliinua macho nikaona kwake juu kote kumekwisha kusafishwa. Kingo amezikata zimenyooka kama amekata tofu. Alikuwa amepanda na kushuka asubuhi zile zile, upande wa pili wa kona, na hakuna aliyemwona mwenziwe.

Nilisimama na reki yangu. Kwanza niliona aibu, kisha hasira, kisha nikacheka peke yangu kama mwehu. Ningepanda hatua mia mbili nikamwambie tumefanya nini, tungepata siku nzima ya kutafuta dawa yake. Lakini hatusemezani. Nikarudi nyumbani kupika achari ya figili.

Wageni walifika tarehe nane mwezi huu. Watu kumi na tisa wa nchi kumi na mbili, wote wamevalishwa mabuti meupe ya mpira, mapya, ya ofisi. Kulikuwa na mkalimani, msichana anaitwa Minori, mwenye sauti ndogo kama ya ndege aliye ndani ya tundu. Kuwata akawagawia mareki na vikapu, akatoa hotuba kuhusu kazi ya ushirika na jinsi wazee wa Kamiose wanavyotunza maji tangu enzi za mababu. Kisha akawaongoza kwenye mfereji.

Mdogo wangu, ulikuwa safi kiasi cha kuoshea mchele. Hapakuwa na jani. Wale watu wakasimama kwenye mstari na mareki yao begani, wakatazama chini, wakatazamana. Kuwata akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Tokuji. Tokuji akautazama mlima.

Halafu, bila kunigeukia, akasema neno lake la kwanza kwangu katika miaka kumi na moja:

"Si ungeacha hata majani mawili, mama wewe."

"Mbona wewe hukuacha?" nikamrudishia, na sauti yangu ilinitoka kali kama ilikuwa inangoja mlangoni. "Huko kwako umesugua mpaka mawe!"

"Nilijua chini kwako kutakuwa kuchafu."

"Kwangu kuchafu! Lini wewe ulikuta kwangu kuchafu?"

"Jamani wazee wangu," Kuwata akalia, "wageni wapo, jamani!"

Minori akauliza kwa kunong'ona kama atafsiri. Wageni walikuwa wameshatuzunguka na hawakumwachia. Akatafsiri. Wakacheka, mmoja akakaa kabisa kwenye kingo. Mama mmoja wa Ufilipino, Bi Dulnuan, ambaye kwao pia wanalima mpunga milimani, alitoa glavu zake akanishika mkono. Akasema kwao nao wangeosha, na kama ni mama mkwe wake, angeosha hata njia ya kuja.

Unajua tulifanya nini? Majani yote tuliyotoa tulikuwa tumeyarundika yawe mbolea, kila mtu nyuma ya ghala lake. Tukayajaza vikapuni, sisi na wageni wote, tukayapeleka na kuyamwaga tena mferejini. Watu wazima na elimu zao, wanachafua mfereji safi ili waje kuusafisha. Tokuji alikuwa akiwaelekeza pa kumwaga, na pakizidi anawaambia "basi, basi, hapo uchafu unatosha," kana kwamba anaunga mchuzi. Kuwata alipiga picha za sehemu ya pili tu, ya kusafisha.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Brazili, Evandro, mwenye ndevu na macho ya upole. Nilimshika mkono wa shati nikamuuliza kama anakufahamu. Minori alisita kutafsiri. Usinicheke. Najua Brazili si kitongoji. Akanieleza kwamba yeye ni wa Belém, kaskazini kabisa, na kwamba Londrina hajawahi hata kupita. Lakini akaniuliza jina lako. Nikamwambia, naye akalisema mara mbili, polepole, ili alipate sawasawa. Kazue. Kazue. Ilikuwa zamani sana sijasikia kinywa kingine kikilitaja jina lako. Ilinibidi nijifanye nakwenda kutazama maji ya chai.

Mchana walikula barazani kwangu. Niliwapa matonge ya wali wa mpunga wetu, supu ya miso ya soya yenye uyoga, na ile achari. Walikunywa chai, wote kumi na tisa, nikajaza birika mara tano. Wengine walikaa ukingoni wakining'iniza miguu kama wewe ulivyokuwa ukifanya. Nikaona nyumba imejaa mabuti mlangoni, nikayahesabu kwa furaha, nakwambia kweli. Hata Tokuji alikaa, ingawa pembeni.

Ndipo Bi Dulnuan akauliza maji haya yanalisha familia ngapi.

"Mbili," Tokuji akajibu.

Akauliza tena, baada ya miaka kumi ni nani watakaoinua ule ubao. Kuwata akaanza kueleza mipango ya ofisi, vijana wa mjini, sijui nini. Tokuji akaweka kikombe chini. Hakunitazama mimi, alimwambia Minori.

"Mwambie miaka kumi ni mbali. Hata mwakani hakuna. Mimi naondoka tarehe ishirini mwezi huu. Binti yangu wa Okayama amenipatia daktari wa magoti, na nyumba yake haina ngazi."

Minori akatafsiri. Kwa hiyo nililisikia kwanza kwa lugha yangu, ingawa halikuwa limeelekezwa kwangu. Halafu likasemwa kwa Kiingereza, nisichokijua, nikaona linavyoingia kwenye nyuso za watu mmoja mmoja. Na nyuso zote zikanigeukia mimi.

Nikasema, "Chai imepoa. Ngoja nichemshe nyingine."

Ndivyo nilivyosema, Kazue. Nikaingia jikoni nikashika ukingo wa sinki. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja sahani. Miaka mitatu nimemkatalia mwanangu wa kuzaa kwa ajili ya mwanamume ambaye hata simsalimii, na huyo mwanamume anaondoka, na habari yake napata pamoja na watu wa Brazili.

Baada ya chakula tulipanda hadi mtoni kufungua maji wageni waone. Wengi walitaka kujaribu kushika ubao, na vijana wenye nguvu walikuwepo. Tokuji akawakatalia. "Huu tunauinua sisi," akasema. Akakohoa kwa mazoea, ingawa nilikuwa nimesimama hapo hapo. Tukashika ncha zetu. Kidevu kikashuka mara moja, mbili, tatu. Tukavuta, maji yakaingia, wageni wakapiga makofi na kuyakimbilia maji bondeni na simu zao mkononi. Tukabaki wawili, tumeushikilia ubao unaochuruzika.

"Si ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambiaje? Tunasemezana?"

"Leo umenisemesha."

"Leo ulinichokoza kwa usafi wako."

Tukaulaza ubao. Akafuta mikono kwenye lile taulo, akasema kwa sauti ya chini, akiutazama mfereji: "Binti yangu ananiita mwaka wa pili huu. Nilimwambia, siwezi, kuna mama pale chini hawezi kuinua ubao peke yake. Mwaka huu goti limekataa. Nisamehe."

Sikujua ananiomba msamaha wa lipi. Pale ndipo nilipotakiwa kumwambia kwamba mimi pia. Kwamba mimi pia nimeitwa, na mimi pia nimesema siwezi, kuna mzee pale juu. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mdomo uliozoea kunyamaza ni mgumu kuliko ubao. Nikamwambia, "Nenda ukatibiwe." Basi. Maneno mawili ya upole kwa miaka kumi na moja, na hata hayo ni ya kumtuma mtu hospitali.

Basi likaondoka saa kumi. Walinipungia mikono madirishani mpaka wakapotea kwenye kona ya mianzi, nami nikawapungia hata baada ya kona. Kisha nikaosha vikombe. Sijawahi kuosha vikombe polepole namna ile.

Siku zilizofuata nilisikia msumeno kule juu, asubuhi na alasiri. Nikasema anatengeneza makasha ya kuhamia. Kila asubuhi niliazimia kupanda nikamwambie lile neno langu, na kila asubuhi nilipata kazi. Mara kuni, mara nguo, mara mvua. Tarehe kumi na tisa nilifika hadi kwenye jiwe la mpaka, nikamsikia akikohoa ndani ya nyumba yake, nikageuka.

Tarehe ishirini gari la binti yake lilisimama mlangoni kwangu. Tokuji akashuka kwa shida, amevaa koti la mjini. Nikampa mfuko wa mchele mpya. Akanipa funguo za nyumba yake nimpelekee Kuwata. Tukainamiana. Binti yake alikuwa analia, sisi hatukulia. Akasema, "Jihadhari na theluji." Nikasema, "Na wewe na magari." Wakaenda.

Usiku wa kwanza nilitazama juu nikaona pale panapokuwa na taa yake ni giza tu. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa naitazama ile taa. Miaka yote nimelala nikiwa nimemkasirikia mtu, na kumbe hasira nayo ni aina ya kuwa na mwenzako. Sasa sina hata wa kumkasirikia. Kitongoji kizima ni mimi.

Alhamisi, siku mbili baada ya yeye kuondoka, nilipanda hadi mtoni kutazama kama majani yameziba. Ubao nikaukosa. Mahali pake, mdomoni mwa mfereji, kulikuwa na mbao nne nyembamba zimepangwa moja juu ya nyingine, zimebana vizuri hata tone halipiti. Kila moja imetobolewa na kutiwa kamba ya kushikia, na kamba zimezungushiwa kitambaa zisinikate viganja. Alikuwa ameupasua ule ubao wa mababu. Nikashika kamba ya kwanza nikavuta, ikaja. Ya pili ikaja. Ya tatu, ya nne. Maji yakapita yakashuka. Nilifanya yote kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa haujui pa kukaa.

Nililia, Kazue. Nililia kwa sauti, maana ni nani wa kunisikia. Alifikiri nataka kubaki. Amekwenda zake Okayama akiamini kwamba ameacha nyuma mama anayeipenda Kamiose kupita kitu chochote, akaona angalau amrahisishie. Na mimi sikumwambia kwamba nilibaki kwa sababu yake.

Jana jioni Yasuhiro akapiga simu. Akaniuliza kama nimeamua. Nikafungua mdomo niseme maji, na neno likanikwama, kwa sababu si kweli tena. Maji naweza. Kwa mara ya kwanza hakuna ubao wala mtu wa kumsingizia. Nikamwambia nitahamia kwake baada ya mavuno ya mwakani, anipe mwezi wa tano mmoja niyafungue maji mwenyewe. Akasema kitanda kitasubiri. Sauti yake ilikuwa ya furaha, maskini. Lakini nilipokata simu nilikwenda kutoa barua zako zote nikazisoma upya.

Ndiyo maana nimekuandikia leo, kabla sijafanya kingine. Ni miaka arobaini na sita tangu upande meli. Katika miaka yote hiyo nimekuuliza habari za kahawa, za mvua, za meno ya watoto, za Kireno kilivyo kigumu. Sikukuuliza hata siku moja ilikuwaje kuondoka. Ulipoamka asubuhi huko, ilikuchukua muda gani kuacha kudhani uko hapa? Iliwahi kuisha? Sikukuuliza kwa sababu niliogopa ungenijibu kweli, na mimi ndiye niliyebaki na nyumba, na mama, na kila kitu, nikadhani wewe ndiye uliyekuwa peke yako.

Nijibu sasa. Usinibembeleze kama mzee. Niambie kama dada yangu.

Msalimie sana shemeji Noboru, na umwambie chumvi nimeitaja. Msalimie mwanao Marcio na mkewe. Mbusu Lidia, na mtoto mbusu kwenye utosi, kwa niaba yangu. Yasuhiro, mkewe Chisato na mjukuu wangu Honoka wanawasalimu nyote.

Kila asubuhi nawawekea wazee wetu wali mbele ya picha zao, na jina lako nalitaja kwao kabla ya langu. Wakulinde wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kuliko siku ile bandarini nilipokataa kukupungia mkono,

Tomie